Farasi chini ya Mlima Meru: lipi kweli, lipi uongo

Ukitoka Arusha mjini kwa barabara ya Moshi, ukapita Tengeru na kufika Usa River, farasi si mnyama wa kuonwa kwenye picha tu. Yuko mashambani, yuko kwenye uwanja wa polo kule Dolly, yuko kwenye misafara ya watalii inayokatiza nyanda za kati ya Meru na Kilimanjaro. Wapo wanaomfundisha kuruka viunzi. Wapo pia wanaomfundisha dresaji, yaani kumzoeza kubadili mwendo, kupinda na kusimama kwa ishara ndogo ambayo mtazamaji haioni kabisa.

Lakini maneno yanayosemwa juu ya mnyama huyu, vijiweni na hata mabandani kwenyewe, yamechanganya ukweli na uzushi. Uzushi huo unamuumiza farasi na kumwangusha mtoto anayejifunza. Unamfanya pia kijana wa Kimeru anayemjua farasi kuliko mwenye farasi azeeke akizoa samadi. Nimeyachukua maneno yanayorudiwa sana, nikayapima moja moja.

"Farasi ni mnyama wa Wazungu."

Uongo. Basotho walimpokea farasi katika karne ya 19, enzi za Moshoeshoe, wakawa taifa la wapanda farasi milimani. Kano, kaskazini mwa Nigeria, mitaa hufurika farasi waliopambwa siku za sherehe ya Durbar. Ethiopia imekuwa na farasi wa vita na wa heshima kwa karne nyingi. Kilichomzuia farasi asienee kwetu ni wadudu: mbung'o, kupe na usubi, na magonjwa wanayoyabeba.

Kutolijua hilo kumewahi kumwaga damu ya Waswahili. Mwaka 1569 Ureno ilimtuma Francisco Barreto na jeshi lake kuitafuta dhahabu ya dola ya Mwenemutapa. Walipopiga kambi Sena, kwenye mto Zambezi katika Msumbiji ya leo, farasi wao walianza kufa, na askari nao wakawa wanakufa. Wareno hawakuwashuku wadudu. Waliwageukia wafanyabiashara wa Kiswahili waliokuwa wakiishi pale, wakadai wametia sumu, wakawatesa na kuwaua kikatili. Padri Monclaro, aliyefuatana na msafara huo, aliacha maandishi yanayosomwa hadi leo na wanaochunguza historia ya magonjwa ya farasi. Dalili zote zinaelekea kwenye maradhi ya wadudu. Naikumbuka Sena kila ninaposikia mtu akisema farasi fulani "karogwa".

Huku Meru, Makaburu walianza kufika kati ya 1904 na 1905, baada ya vita vyao na Waingereza, wakiwa na mikokoteni ya ng'ombe na farasi. Mwaka 1907 alikuja Margarete Trappe, Mjerumani aliyejenga shamba Momela, na sifa yake ya kupanda farasi ikaenea. Basi farasi ana zaidi ya miaka 100 chini ya mlima huu, na kwa muda wote huo waliokuwa wakimlisha na kumsugua ni wenyeji. Mnyama aliyelelewa na babu yako utamwitaje mgeni?

"Meru ni juu na kuna baridi, kwa hiyo ugonjwa wa farasi haufiki."

Nusu kweli, na ni nusu inayoua. Arusha iko kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, na ni kweli kwamba usubi hupungua penye baridi. Kupungua si kwisha. Ugonjwa wa farasi wa Afrika huletwa na virusi vya aina 9, na farasi asiye na kinga akiupata katika sura yake kali, kati ya 10 wanaweza kufa 9. Punda milia huvibeba virusi hivyo bila kuugua, na sisi tunaishi jirani na Hifadhi ya Taifa ya Arusha, ambako punda milia hula majani peupe. Punda wa kawaida naye ni nadra kuonyesha dalili. Farasi ndiye anayeanguka.

Tiba hakuna. Kuna chanjo, na kuna saa. Usubi huuma kuanzia jua linapozama hadi linapochomoza, na huzidi baada ya mvua. Kwa hiyo farasi achanjwe kila mwaka kabla ya msimu wa usubi, aingizwe bandani jua likiwa bado lipo, na madirisha yawekwe wavu wenye matundu madogo kuliko ya chandarua cha kawaida. Mwalimu anayependa kufundisha jioni kwa sababu kumepoa, akamaliza somo gizani, anamtoa farasi kwa usubi. Nasema hivi kwa uzito wote: ratiba ya masomo ni sehemu ya kinga.

"Punda milia angefundishwa, tungepata farasi wetu asiyeugua."

Uongo, tena uliojaribiwa karibu na hapa. Karne ya 19 ilipokuwa ikiisha, Mjerumani Bronsart von Schellendorff alikamata punda milia kwenye nyanda za Kilimanjaro akitaka kuwafuga na kuwapandisha na farasi, apate mnyama wa kazi anayestahimili maradhi. Mradi ulishindwa. Nairobi, daktari Mgoa Rosendo Ribeiro alijulikana kwa kwenda kuwaona wagonjwa akiwa amepanda punda milia, na picha yake ipo. Huyo alikuwa mnyama mmoja aliyezoezwa na mtu mmoja mwenye subira. Kufuga ni jambo la vizazi: kuchagua wapole, kuwazalisha, kuchagua tena, kwa maelfu ya miaka. Punda milia ameishi na simba muda wote huo, na silika yake ni kung'ata bila kuachia na kukwepa kamba kabla haijamfikia.

"Samaki mkunje angali mbichi."

Methali hii ni kweli kwa malezi ya mtoto. Kwa mgongo wa farasi ni uongo, na imeharibu farasi wengi. Mtu anamwona farasi wa miaka 2 ana umbo kubwa, anadhani yuko tayari, anamtia tandiko na kumrusha viunzi. Mifupa ya farasi hukomaa kuanzia chini kwenda juu. Ile ya karibu na kwato hufunga mapema, lakini pingili za uti wa mgongo, pale pale anapokalia mtu, huendelea kukomaa hadi anapokaribia miaka 6.

Farasi mchanga afundishwe, naam: kuguswa mwili mzima, kuinua mguu, kuongozwa kwa kamba, kusimama kwa utulivu, kutoogopa mwavuli wala pikipiki. Kumbebesha mtu kusubiri hadi miaka 3 au 4, na hapo kwa muda mfupi mfupi. Viunzi vya juu vije baadaye kabisa. Shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi haliruhusu farasi kushindana katika ngazi ya juu ya dresaji kabla ya kutimiza miaka 8. Farasi wa Chile aliyeitwa Huaso, ambaye awali alitazamwa kama hafai kwa mbio, aliruka mita 2.47 akiwa na Alberto Larraguibel kule Viña del Mar tarehe 5 Februari 1949. Rekodi hiyo haijavunjwa hadi sasa. Huaso alikuwa na miaka 16.

"Farasi asiyeogopa kiboko hafundishiki."

Uongo, na huu ndio uongo ninaouchukia kuliko yote.

Mwanzoni mwa karne iliyopita, Berlin ilikuwa na farasi aliyeitwa Hans. Mwenye naye, Wilhelm von Osten, aliamini kwamba Hans anajua hesabu. Akiulizwa swali, Hans alipiga kwato chini mpaka afikie jibu, kisha akaacha. Mwaka 1907 mtafiti Oskar Pfungst alichapisha alichogundua: muulizaji asipolijua jibu, Hans naye halijui. Farasi alikuwa akisoma mwendo mdogo mno wa kichwa cha aliyesimama mbele yake, mwendo ambao mtu mwenyewe hakujua kwamba anaufanya. Mnyama mwenye macho na ngozi ya namna hiyo anamwona mpandaji akibana pumzi. Anahisi nyonga moja ikilegea. Anasikia mguu ukigusa ubavu kwa uzito wa nzi, maana nzi akitua tu, ngozi yake hucheza.

Kwa nini basi tunaona farasi wanaopigwa mateke na hawasogei? Kwa sababu wamefundishwa hivyo. Farasi hujifunza pale ishara inapoondoka. Mguu unabana, farasi anapiga hatua, mguu unaachia papo hapo, naye anaelewa kwamba ile hatua ndiyo iliyotakiwa. Sasa mpandaji anayeendelea kupiga hata baada ya farasi kuondoka anamwambia nini? Anamwambia kwamba mguu hauna maana. Kesho atahitaji teke kubwa zaidi, keshokutwa kiboko, na mwisho atatafuta lijamu kali la kumzuia farasi aliyeanza kukimbia kwa hofu. Wengi wanaoitwa "wabishi" wana maumivu: tandiko linalobana mabega, au meno ya nyuma yenye ncha kali ambayo hayajawahi kupigwa tupa. Lijamu nalo hukaa kwenye ufizi mtupu, mahali pasipo na meno, juu ya ulimi. Mkono unaovuta hatamu kwa nguvu unavuta hapo. Tazama kwanza tandiko, meno na mgongo, halafu ndipo uzungumzie tabia.

Anayedhani kwamba nguvu ya mguu ndiyo kila kitu amtazame Lis Hartel wa Denmark. Polio ilimwacha amepooza chini ya magoti, na alihitaji kusaidiwa kumpanda na kumshuka farasi. Mwaka 1952 kule Helsinki, Olimpiki ya kwanza kuwaruhusu wanawake katika dresaji, alichukua medali ya fedha mbele ya maofisa wa majeshi. Hakuweza kupiga teke hata moja.

Ukuu nao haumzuii mtu kukosea. Julai 2024 Charlotte Dujardin wa Uingereza, mwenye medali 6 za Olimpiki, alijitoa katika mashindano ya Paris baada ya kutokea video inayomwonyesha akimchapa farasi miguuni mara kwa mara wakati wa mafunzo. Alifungiwa mwaka mmoja. Kama dunia imekubali kumfungia bingwa kwa jambo hilo, mwalimu wa Usa River hana sababu ya kuliita "utaratibu wetu".

"Dresaji ni maringo ya matajiri, farasi wa kuruka haihitaji."

Uongo. Hesabu mwenyewe. Mzunguko wa viunzi 12 humchukua farasi zaidi ya dakika moja, na muda wote anaokuwa hewani, ukiujumlisha, haufiki sekunde 15. Kilichobaki chote ni mwendo wa chini: kugeuka, kunyooka, kurefusha hatua, kufupisha hatua. Hatua moja ya shoti ina mita 3.5 hivi. Viunzi viwili vikipangwa kwa nafasi ya hatua moja katikati, huwa mita 7.5 hivi. Farasi akifika cha kwanza kwa hatua ndefu kupita kiasi, cha pili kitamjia miguuni, na hapo ndipo mbao zinaanguka na watu pia. Uwezo wa kumwambia farasi "fupisha kidogo" naye akafupisha bila kupandisha kichwa kwa hasira ndio dresaji yenyewe. Kinachobaki, kama muziki na koti refu, ni mapambo ya siku ya mashindano.

Wala si ghali kama wasemavyo. Uwanja mdogo ni mita 20 kwa 40. Unaweza kuupima kwa kamba na kuweka herufi zake kwenye madumu yaliyopakwa chokaa. Nguzo za viunzi ni mikaratusi iliyonyooka. Kinachotaka akili ni udongo. Ardhi ya volkano ya Meru ni tifutifu na nzuri kwa miguu ya farasi inapokuwa na unyevu kidogo. Wakati wa kiangazi hugeuka vumbi linaloingia mapafuni, na farasi huvuta pumzi kwa pua tu, hawezi kwa mdomo. Masika ikija, utelezi unaweza kumvunja. Siku za utelezi ziachwe, au zitumike kutembea kwenye miteremko ya mlima: kupanda kilima kwa hatua za polepole hujenga misuli ya mgongo na mapaja kuliko kuzungushwa uwanjani kwa mchakamchaka usiokwisha. Mlima tunao bure.

"Farasi akiruka, egemea nyuma."

Uongo wa zamani. Majeshi ya Ulaya yalifundisha hivyo mpaka alipotokea Federico Caprilli, ofisa wa Italia (1868–1907), aliyewatazama farasi wakiruka bila mtu na kuona kwamba wanahitaji shingo na mgongo viwe huru. Akafupisha vikuku vya miguu, akainama mbele kumfuata farasi, mikono ikienda na mdomo. Wote wanaoruka leo wanafuata njia yake.

"Farasi haoni rangi."

Nusu kweli. Anaona buluu na njano vizuri, ila nyekundu, rangi ya chungwa na kijani humchanganya. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter kuhusu jambo hili ulizifanya mbio za viunzi za Uingereza zianze kuacha alama za rangi ya chungwa na kuweka nyeupe. Kwa hiyo mbao nyekundu juu ya majani mabichi ya Meru inampendeza mpandaji, huku farasi akiikuta ghafla. Paka nyeupe.

"Kofia ya bodaboda inatosha."

Uongo. Kofia ya kupandia farasi imetengenezwa kwa anguko la namna yake, hukaa chini kwenye kisogo na haizuii masikio wala macho. Wala usiseme kwamba wewe huruki viunzi. Mwaka 2010 Mmarekani Courtney King-Dye, aliyewahi kushiriki Olimpiki kwenye dresaji, alianguka farasi alipojikwaa tu katika mazoezi. Hakuwa amevaa kofia ngumu, akakaa wiki kadhaa bila fahamu. Tangu 2021 kofia hiyo ni lazima katika mashindano yote ya kimataifa ya dresaji.

"Nimelipa, mtoto apewe hatamu siku ya kwanza."

Uongo, ingawa namwelewa mzazi. Mtoto ambaye bado hajajua kukaa hushikilia hatamu ili asianguke, na anachoning'inia ni mdomo wa farasi. Njia ya zamani ndiyo bora: mwalimu asimame katikati na kamba ndefu, farasi azunguke, mtoto akae bila hatamu, mikono mabegani, baadaye bila vikuku vya miguu. Kwenye shule ya kale ya Vienna wanafunzi hukaa hivyo kwa miezi mingi kabla ya kukabidhiwa hatamu. Hatuwezi kudai hayo kwa mtoto wa Jumamosi, lakini masomo machache ya kwanza tunaweza kuyadai, na mwalimu anayeyaruka ili amfurahishe mzazi anamlipisha farasi. Mzazi akiuliza, "Mwalimu, mwanangu ataruka lini?", jibu la haki ni: siku atakapoweza kwenda mchakamchaka mikono ikiwa mitupu na bado anacheka.

"Saisi ni wa kufagia banda, mwalimu lazima atoke nje."

Uongo. Charlotte Dujardin niliyemtaja alianza kama saisi, yaani mtunza farasi. Mwaka 2007 aliingia kwenye banda la mpanda farasi Carl Hester kufanya kazi za usafi na uangalizi, akapewa farasi mdogo aliyeitwa Valegro amzoeze. Mwaka 2012 wawili hao walipata dhahabu mbili London, na Desemba 2014 waliweka rekodi ya dunia ya asilimia 94.3. Kosa lake la baadaye halifuti njia aliyopita. Linaonyesha tu kwamba cheo hakimpi mtu mkono mwepesi.

Hebu tuwatazame masaisi wa Usa River na Ngare Nanyuki. Alfajiri, kabla mwenye farasi hajaamka, saisi ameshajua kama farasi alilala. Farasi husinzia amesimama, lakini usingizi mzito anaupata akiwa amelala chini tu, kwa hiyo maranda yaliyonata ubavuni ni habari njema. Ameshatazama mashimo yaliyo juu ya macho, kwa sababu kuvimba kwake ni dalili ya ugonjwa ule wa usubi. Ameshaona nani ameacha majani na nani anakanyaga kwa kuogopa mguu wa mbele. Elimu hii mwalimu wa kigeni huja kuiuliza kwake kila asubuhi, kisha anapanda yeye.

Anachokosa saisi ni nusu ya pili: kukaa, kuhesabu hatua, kupanga somo, kuzungumza na mwanafunzi. Hayo hufundishika. Chuo cha VETA cha Njiro kinafundisha vijana hoteli na utalii, na mwongozaji wa safari za farasi ni mtu wa utalii kama mpishi na mhudumu wa hoteli. Ningependa kuona somo la farasi likiingia humo, pamoja na ufundi wa kwato. Ila mwenye banda asisubiri chuo. Ampe saisi farasi mmoja mpole, kamba ndefu na nusu saa kila asubuhi kabla jua halijawa kali, awepo mtu wa kumtazama na kumsahihisha. Ampandishe naye, kwa kofia ileile anayovaa mteja. Atakapoanza kufundisha, alipwe kwa saa ya somo, na jina lake liandikwe kwenye ratiba ukutani, kwenye safu ya walimu.